Namba Isiyoacha Mtu

Hivi wewe unaijua namba ambayo ukiipanga wawili wawili, watatu watatu, wanne wanne, watano watano, hata sita sita, habaki mtu? Hawo aliijua tangu utotoni, akinywesha ngamia wa baba yake kisimani. Ni sitini. Hori liwe dogo au kubwa, ngamia sitini hunywa kwa makundi sawa, asibaki hata mmoja akilia peke yake.

Haya ndiyo aliyomweleza shemeji yake Korane, aliyejificha kwenye migunga kando ya Mto Tana. Wanawake waliruhusiwa kutoka kambini kuokota kuni. Wanaume walifungiwa ndani ya boma la miba nje ya Garissa, maana vita vya shifta vilikuwa vimechacha, na kila asubuhi kamanda wa askari alitupa dadu. Ikisema nne, walijipanga wanne wanne. Ikisema moja, aliitupa tena. Aliyekosa safu aliitwa shifta, yaani mwasi, akapelekwa nyuma ya lori. Mlio mmoja wa bunduki, basi.

Korane aliyajua hayo. Alitoroka wakiwa sitini. Kulipokucha walikuwa hamsini na tisa, dadu ikasema mbili, akabaki kaka yake Adow, mume wa Hawo.

"Sasa anayesimama mwisho ni baba yenu," Hawo alisema. "Mzee Kerrow. Magoti yanamtetemeka, lakini anasimama."

Korane alifuta uso kwa kikoi. "Mko wangapi?"

"Wameletwa wengine kutoka Hagadera. Wanaume ni hamsini na tisa."

"Umehesabu sawasawa?"

"Mimi nimehesabu ngamia wewe hujaota meno!"

Korane alicheka kidogo. "Na anayejileta mwenyewe?"

"Haulizwi kitu. Anasimama mwisho, ndiyo amri. Ukija mko sitini, walaal, ndugu yangu. Mwache kamanda atupe dadu mpaka mkono umuume."

Korane alitazama maji mekundu ya mto. Kaka alikwisha kumpoteza. Baba naye?

"Wallahi nakuja. Utanipikia chai ya maziwa ya ngamia, shemeji?"

"Maziwa yapo," alisema Hawo, akajitwika kuni.

Asubuhi Korane aliingia langoni mikono juu. Askari walimsukuma hadi mwisho wa mstari. Mzee Kerrow alisogea mbele kumpisha, wala hakugeuka.

Dadu ikasema tano.

Safu zilijaa upesi, moja baada ya nyingine. Mzee Kerrow akapata yake. Korane akatafuta wa kusimama naye, kushoto, kulia. Ubavuni mwake palikuwa na mchanga mtupu. Mkono wa askari ukamshika kwapani.

"Shemeji!" alipiga kelele kuelekea miba, walikosimama wanawake. "Ulisema hamsini na tisa!"

Hawo hakupandisha sauti.

"Walikuwa sitini kabla hujaja, Korane. Nilitaka ubaki wewe, kama Adow."