Miguu ya Jogoo Mwekundu

Mwanamke mwenye nguo nyeusi za msiba aliomba jambo moja tu: aonyeshwe miguu ya jogoo wa Bernabé.

Uwanja mzima wa kupiganisha majogoo ulicheka. Kabla ya pambano mgeni hasogelei jogoo wa mtu. Hujui vidole vyake vimepakwa nini.

“Miguu ya nini, mama?” Bernabé alimkumbatia jogoo wake. “Unataka kumpima viatu?”

“Nitazame tu, mzee. Sitamgusa.”

“Tazama ya wako!”

Wake alikuwa naye kweli, jogoo mwekundu, ndani ya mfuko wa kitambaa ulioshonwa kwa mkono. Walikuwa wametoka pwani kwa mabasi mawili.

“Hapa pigana au toka!” mtu akapiga kelele. “Kuangalia miguu, nenda kwa fundi viatu!”

Mwanamke akafungua mfuko.

Nicolasa, mke wa Bernabé, alitazama kutoka mlangoni anapouzia kahawa. Ndiye aliyempokea mgeni asubuhi, akamuuliza anachomuuliza kila mtu wa mbali kwa miaka kumi na mmoja sasa: “Hujasikia habari za mwanangu, Eliseo? Aligombana na babake, akaondoka na nguo za mwilini tu.”

“Jina hilo silijui, mama. Kwetu wanaume tunawajua kwa majina ya utani.”

Nicolasa alimwongezea sukari, asiulize tena.

Pambano halikufika dakika nne. Mwekundu alilala ubavu, mdomo wazi mchangani, mguu mmoja ukipiga teke hewa.

“Umeshinda, mzee,” alisema mwanamke. “Sasa nionyeshe.”

“Ili ukaibe mbegu yangu? Nenda zako!”

Akawageukia wengine. Kila mmoja akamfunika jogoo wake kwa kofia, kwa shati, kwa chochote.

“Huu ulikuwa uwanja wa saba,” alisema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe. Akaukunja mfuko mtupu, akapanda basi la saa tisa.

Aliyeshindwa huenda kwenye chungu cha mshindi, ndivyo ilivyo. Nicolasa alimchovya kwenye maji ya moto, akamnyonyoa. Mihogo na ndizi zilikuwa zinachemka tayari. Miguu aliiacha mwisho, kwa kuwa Bernabé hupenda kuinyonya kwenye mchuzi, naye huisugua kidole kwa kidole.

Alikuwa jogoo kijana, hajafikisha hata miaka miwili.

Katika ngozi nyembamba kati ya vidole vya mguu wa kushoto palikuwa na matundu mawili yaliyopona zamani, moja juu ya jingine. Kuku wote wa ua wa Nicolasa walikuwa nayo, na hakuna kuku mwingine duniani aliyekuwa nayo. Eliseo ndiye aliyeyabuni, kwa sindano ya mamake, akitoboa vifaranga wangali na manyoya laini; tangu aondoke, Nicolasa ndiye aliyewatoboa.

Nicolasa aliushika ule mguu kwa mikono miwili. Ndipo akazikumbuka zile nguo nyeusi.