Ngoma ya Tai

"Ngoma ya tai? Tai yule ndege?" Bibi Gulbanu aliniuliza nje ya ukumbi, mtaani Don Mills. "Inafaa kutazamwa?"

Nilimjibu kwa uzito wa kiranja wa bweni: "Ndiye yule, Bibi, mla mizoga. Huanza na waliokaa mbele."

Mlango ukafunguka. Mchezaji kutoka Thailand akatokeza, kucha zake za shaba zimepinda, kila moja ndefu kama penseli.

Bibi akanifunika kwa shali yake, akasimama mbele yangu.

"Kimbia, mjukuu wangu! Mimi nimeshakula chumvi nyingi."

"Bibi, nilikutania! Ni Tai ya Thailand, nchi yao!"

Hakunisikia. Alikuwa ameshika kifua, midomo imekuwa ya kijivu, na magoti yake yakaanza kukunjika.