Moto Analala Chini ya Radi

Kitako cha bunduki kilianza na vidole vya mkono wa kushoto, vile vinavyobana nyuzi za gitaa. Papa Feruzi alilia kama mtoto mbele ya askari, wala hakuona haya.

"Moussa yuko wapi?" komanda akauliza.

"Alishakanyaga velo kwenda Ubundu, mon commandant. Hapa iko mimi tu."

Nyuma ya ua wa matete, jirani yake Mama Simone alikuwa amelala kifudifudi jikoni kwake, akichungulia kupitia matete. Ilikuwa Juni ya mwaka 2000. Majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yakigombania Kisangani, na wapiganapo tembo, nyasi huumia. Jeshi hili lilimsaka Moussa, mwana pekee wa Feruzi, eti analipelelezea lile jingine. Wakimpata, ni risasi tu. Simone alimwomba Mungu kijana awe amefika Ubundu kweli.

Askari walikuwa wamekwisha kuipekua nyumba: uvunguni, darini, ndani ya kabati. Hawakupata ila gitaa na lile spika kubwa ambalo mtaa mzima uliliita Radi, kwa jinsi lilivyotikisa mabati.

"Kumbe mwanamuziki!" komanda akasema. "Basi imba, mzee. Huenda nikakuhurumia."

Feruzi alikuwa mtu wa rock tangu ujana wake. Nyimbo zile za Wazungu alizipendea picha zake za ajabu, naye akatunga za kwake kwa mtindo uleule. Watu walimcheka: nani amewahi kuona mwezi wenye meno? Simone alicheka pia, lakini alizijua zote. Yeye alikuwa mzaliwa wa Mbandaka, na kila asubuhi Feruzi alimsalimia kwa Lingala, lugha ya kwao, kisha akamwonjesha mstari mpya.

Sasa mzee aliimba kwa sauti kubwa kupita kiasi, damu ikimtoka mdomoni, uso ameuelekeza kwenye ua wa matete.

"Mwezi iko na meno, farasi ya kioo inakunywa mto, moto analala chini ya radi!"

Mstari wa mwisho ulikuwa mgeni kwa Simone. Maskini, akawaza, wamempiga mpaka akili imemruka.

Komanda aliangua kicheko. "Ninyi Wakongo mmekiua Kiswahili! Moto unalala, mzee. Mtu ndiye analala. Rudia!"

"Moto analala chini ya radi!"

"Unalala!" Buti likatua mbavuni.

"Analala! Analala!" Feruzi alipiga kelele.

Komanda akachoka kufundisha. Alimpiga risasi ya kichwa palepale uani. Askari wake wakamimina petroli ukutani, wakawasha kiberiti, wakaondoka wakicheka.

Simone alinyakua ndoo ya maji, akaruka ua. Yakubu, fundi viatu wa mtaani, alimdaka mkono.

"Wacha, Mama Simone! Papa alishakufa, Moussa iko Ubundu. Unaenda kuokoa nini? Guitare?"

Miali ilikuwa imekwisha kufika kwenye paa. Alimtazama Feruzi pale chini, akamkasirikia hata yeye. Mtu gani anakubali kufa kwa ubishi wa herufi moja? Si angesema tu "unalala" yakaisha? Kosa lenyewe hata mtoto angelisahihisha.

Ila kwa Lingala halikuwa kosa. Kwa Lingala, "moto" ni mtu.

Alijimwagia maji yote mwilini, akaingia kwenye moshi. Akalisukuma Radi kwa bega mpaka likaanguka, akang'oa mbao zilizokuwa chini yake.

"Papa," sauti ya Moussa ikauliza kutoka shimoni, "walishaenda?"