Kiatu Ndani ya Dohani

Fundi aling'oa tofali jekundu kwenye dohani, bomba la moshi la nyumba ya zamani, na nyuma yake kikaonekana kiatu cha mtoto, kikavu kama mkate uliosahauliwa, kimelala hapo tangu enzi za Malkia Viktoria.

Akaweka nyundo chini. Hapo Leeds, Uingereza, kila mwashi anajua kwamba kiatu cha mkazi wa nyumba hufichwa ukutani ili kiilinde nyumba, na anayekitoa hujitakia balaa.

"Bosi, mimi hicho sikigusi."

Bosi alikuwa mtoto wa Bi Enid, bibi mwenye nyumba, mwanamume mwenye upara na haraka. Alikwisha kupata mnunuzi wa nyumba ya mama yake, na mnunuzi hakutaka dohani. Nje, gari la makao ya wazee lililokuja kumchukua mama huyo lilikuwa likinguruma, lakini yeye alikuwa amekwisha kukitoa kiatu na kukishika mkononi.

"Mama, ni kiatu tu, jamani!"

"Na wewe ulikuwa kitoto tu, tena cha kulialia. Nilikutupa?"

Bi Enid alikipangusa kiatu masizi. Kamba yake ilikuwa bado imefungwa fundo. Akakirudisha mahali pake, kisha, kwa taadhima ya askofu anayezindua kanisa, akainama, akavua kiatu chake cha kulia na kukilaza pembeni ya kile kidogo.

"Mama! Gari linasubiri!"

"Basi liondoke. Mwanamke mzima nitatokaje na kiatu kimoja, majirani wanicheke?" Akamgeukia fundi. "Haya, mwanangu, ziba."

Fundi alimtazama bosi, akaitazama soksi ya Bi Enid iliyotoboka kwenye kidole gumba, kisha akachota chokaa.