Vioo Vipya vya Baba Rivasi

Mgongo wake ulikwisha kugusa mlango wa chuma, na trela bado inakuja.

"Simama! Baba, simama!"

Breki zikalia. Bodi ya nyuma ikamgusa Binti kifuani, ikambana kidogo, halafu trela ikasogea mbele. Alibaki pale pale, ameegemea mlango.

Kichochoro kile kilikuwa na ukuta huku na ukuta kule, na upana wa trela basi. Mwisho wake ni mlango wa ghala, unaofunguliwa kwa ndani tu, tena baada ya trela kufika. Anayemwelekeza dereva husimama humo, na trela ikishaingia hana pa kutokea. Mwelekezaji alikuwa Binti, na dereva alikuwa baba yake mzazi.

"Leo sauti yako ilikuwa chini," baba alisema alipozima injini ya trekta. "Na hayo magunia wameyapanga juu mno. Ningeona wapi?"

Kwenye usukani hakuwa mtu wa kuchezewa. Wenzake walimwita Baba Rivasi, maana wao wakirudisha trela nyuma inajikunja, mara imekwangua ukuta, mara imeng'oa bomba la maji. Yake huingia moja kwa moja. Huwaambia watu wanyamaze asikie chombo chake, kisha anarudi nyuma utadhani anavutwa kwa kamba. Tangu mwaka jana aliomba asitumwe barabarani, vumbi la huko linamkera, na tangu hapo alifanya kazi ndani ya ua tu.

Siku hiyo Binti alimfuata msimamizi ofisini. Alikuwa na hofu na hasira, na vyote viwili akavisema. Kuacha kazi hawezi. Akiacha yeye, nani mwingine atakubali kuingia mle?

"Mwekeeni baba vioo vikubwa vya pembeni, vyenye mikono mirefu, vitokeze nje ya mzigo. Aone nyuma mwenyewe. Mimi nitoeni mle, nakuomba. Nitakufa mle."

Msimamizi alikuwa mtu wa kukuna kidevu, naye akakikuna. "Vioo vikifaa, utahamia kwenye mizani. Visipofaa, hakuna namna, utaendelea kichochoroni."

Nyumbani, baba hakuzipenda habari hizo hata kidogo.

"Vioo vya nini? Si nina wewe?"

"Baba, mimi si kioo."

Alinyoosha mkono mezani, ukapiga kikombe, chai ikamwagika yote. Binti akajua amekasirika. Akapangusa meza.

Vioo vikaja, vikubwa kama sinia. Fundi alikuwa akikaza nati ya mwisho alipoitwa shambani kwenye pampu iliyogoma. "Nikirudi namalizia!" alipaza sauti, akatoweka na pikipiki yake.

Msimamizi hakuwa na subira ya kumngoja. Baba akapanda, akajiweka sawa kwenye kiti. Akageuza shingo kulia, akatazama. Akageuza kushoto, akatazama. Watu walikuwa wamejipanga mbele ya trekta, kila mmoja anasubiri atakachosema.

"Ala! Kumbe mambo ndiyo haya? Naona mpaka kitasa cha mlango. Haya, nyamazeni, nisikie chombo changu."

Kwa mara ya kwanza Binti alisimama uani na wenzake, juani. Trela ikaingia kichochoroni, ikanyooka. Mlio wa injini ukabadilika ulipobanwa na kuta, ukazidi kuwa mzito, na baba akasimama kiganja kimoja tu kabla ya kugusa mlango.

Makofi yakapigwa. Binti alilia mbele ya watu wote na wala hakujali. Hakupata kufurahi namna ile tangu aanze kazi.

"Umepona," msimamizi alimwambia. "Kesho nikukute kwenye mizani. Mzee, hiyo ikishashushwa mzigo leta ya pili, tumalize."

Magunia yakashushwa. Baba akaitoa trela tupu, akafungiwa nyingine iliyojaa, akaiweka tayari nje ya mdomo wa kichochoro. Watu wakatawanyika kwenda kunywa maji. Binti akavua kizibao chake cha njano, akakitundika msumarini na kukipigapiga kwa mkono, kama mtu anayeagana na rafiki msumbufu. Kisha akachukua kitambaa safi. Vioo vile vilimtendea wema, angalau avifute vumbi.

"Baba, nakuja kukufutia vioo!" aliita, akapanda ngazi ya trekta kutokea nyuma.

Baba akageuzia uso kwenye kioo, akatabasamu.

"Nakuona humo, mama. Nakuona vizuri kabisa. Unacheka."

Binti akainua kitambaa, na mkono ukabaki hewani. Uso wa kioo ulikuwa bado umefunikwa na karatasi ya kahawia ya kiwandani, imebandikwa kona hadi kona. Akashuka, akazunguka upande wa pili, na huko nako ni hivyo hivyo.

Akazibandua zote mbili taratibu zisitoe sauti, akazikunja na kuzisokomeza mfukoni. Akakirudia kizibao chake msumarini, akakivaa, akapita ubavuni mwa trela hadi mwisho wa kichochoro, akaegemeza mgongo kwenye mlango wa chuma.

"Njoo, baba," aliita kwa sauti ya juu kuliko siku zote. "Njoo. Polepole."