Vumbi la Saruji

Wiki hiyo muuguzi alikuwa amewafunika shuka wagonjwa saba. Wote walianza vilevile: macho mekundu, kisha homa, na siku ya nne pumzi ikakatika. Dawa hakuna, hata jina la ugonjwa lilikuwa bado.

Jioni alimkuta mumewe, fundi uashi, sebuleni akipikicha jicho.

"Vumbi la saruji tu hili, mama watoto."

Alimshika kidevu, akamgeuza uso kwenye taa. Jicho lilikuwa jekundu mpaka kwenye kope, na shavu lilimchoma kiganja.

"Tangu lini?"

"Juzi. Sikutaka kukutia wasiwasi, na kazi ulizonazo."

Mlango wa chumbani ulifunguka. Binti yao mdogo alisimama pale, viganja vimeziba macho.

"Mama, zima taa. Inaniumiza."