Pini ya Fundi Tinga

Fundi Tinga alipoinama kunawa, kitu kikamchoma kifuani. Akatia vidole mfukoni mwa shati, akatoa pini mpya, miguu yake miwili imenyooka, haijakunjwa.

Moyo ukampiga paa!

Kila akifunga kiungo kipya cha gurudumu, pini huibana midomoni isipotelee mchangani, kisha humalizia kwa kuipenyeza kwenye nati na kuikunja miguu, ili nati isilegee njiani. Lakini leo mamake mwenye gari alimjia pale pale. Mtu mzima hasalimiwi kwa mdomo uliobana kitu. Tinga aliitoa, akaitia mfukoni. "Shikamoo, mama." Wakaulizana habari za nyumbani hadi gurudumu likarudishwa.

Sasa gari lile limebeba watu sita, linaelekea Kaloleni.

Akampigia mwenye gari; simu ikapokewa na sauti ya kitoto.

"Baba anaendesha, tunateremka mlima huku Rabai. Anasema ahsante, gurudumu halina tena ule mlio wa kugonga."

Tinga alitaka kupiga kelele wasimame, mara akauona akilini mguu wa dereva ukikanyaga breki kwa ghafla, mteremkoni, na nati ile haina kizuizi. Pini ilikuwa imemzama kiganjani.

"Fundi, shikamoo," mtoto akasema. "Fundi! Mbona huitikii?"